Kisigino cha Msusi

— Hivi viatu ulivinunua wapi? daktari aliuliza, kidole kikiwa juu ya uvimbe wa kisigino.

Msusi alimtupia jicho mchumba wake.

— Sokoni tu, daktari.

— Basi aliyevishona aliweka ngozi ngumu mno nyuma. Kila hatua inasugua kano ya kisigino. Dawa na mazoezi umeshajaribu, havikufua dafu. Tutatoboa matundu madogo mawili, tuingize kamera nyembamba, tusafishe palipovimba. Hatuupasui mguu wote.

Mchumba, ambaye kazi yake ni ufundi viatu, alikiokota kiatu kimoja sakafuni, akakigeuza polepole.

— Ni mimi niliyevishona, daktari. Nilimpa siku ya uchumba.

Walipotoka kwa daktari, wakakaa kwenye benchi la koridoni.

— Kwa nini hukuniambia vinakuumiza?

— Ulivishona kwa mapenzi. Ningeanzia wapi?

— Unasimama kutwa ukisuka watu, na mimi nakusifia jinsi vilivyokupendeza.

Asubuhi ya upasuaji ukaingia ujumbe wa mchumba: "Nenda na dada. Usinisubiri." Msusi akipiga, simu haipokelewi.

Dada yake aliusoma, akabetua mdomo.

— Mwanaume anayekimbia bandeji, nepi ataziweza?

— Dada, niache.

— Sikuachi. Nipe mkono.

Kwenye chumba cha upasuaji alitiwa ganzi kutoka kiunoni kwenda chini, ila moyo hauna sindano yake. Machozi yakamtoka palepale kitandani. Muuguzi hakumuuliza neno. Alimfuta, akamfunika mabega, akamsimulia vituko vya paka wake mpaka daktari akasema, "Tumemaliza, mama, na kano yako ni nzima." Wema wa namna hiyo hausahauliki.

Alasiri fundi akaingia wodini, vidole vimegandwa na gundi, kapu mkononi.

— Umepotea njia, shemeji? dada alimuuliza.

— Nilikuwa napita nyumba kwa nyumba, shemeji. Kila niliyemshonea mtindo ule, nimemuuliza kisigino chake. Wengine wanachechemea, wananionea haya kama huyu. Nimevichukua vyote nikavitengeneze upya.

— Na simu nayo inachechemea?

Fundi akamgeukia mgonjwa.

— Niliogopa. Ungesikia sauti yangu, ungenihurumia mimi badala ya mguu wako.

— Mimi nilidhani umeniacha.

— Nikuache mguu ukiwa juu ya mto? Niliona aibu, mpenzi. Nisamehe.

— Na wewe nisamehe. Nilikuficha maumivu yangu kama vile wewe ni mgeni.

Dada alikuwa ameshachungulia kapu. Akatoa sandali za ngozi laini, nyuma wazi kabisa.

— Utazijaribu ukipona, fundi alisema. Na zikikuuma...

— Nitapiga kelele mpaka mtaa wa pili.

Harusi ikasogezwa mbele mpaka magongo yakawekwa kando. Bibi harusi aliingia ukumbini kwa miguu yake, taratibu, amevaa zile sandali, makovu mawili kisiginoni madogo kama punje za mtama. Daktari na muuguzi walikuwa wamealikwa, wamekaa mbele. Katikati ya ukumbi bibi harusi akasimama ghafla.

— Ya kushoto inabana, alimwambia mumewe mtarajiwa.

Bwana harusi akapiga magoti na suti yake mpya, akalegeza mkanda.

— Sasa?

— Sasa twende. Asante kwa kuniuliza.

Dada ndiye aliyeanza kupiga makofi.