Chemchemi Iliyofyekwa

Jumamosi tarehe 14 Septemba 1974 ndiyo siku mambo yalipoharibika.

Asubuhi hiyo Tomaso, mkata mkonge, alikuwa wa kwanza kupanda lori. Mkewe Ernesta alikuwa ameuawa na kuhara. Kambi yao tambarareni ilikunywa maji ya dimbwi, maana mfereji wa kutoka mlimani ulileta maji kidogo mno. Wakubwa waliahidi kuushughulikia. Waliahidi mara tatu, na Ernesta akazikwa. Sasa alibaki binti yake Lukia, wa miaka sita. Kwa hiyo Katibu wa kamati ya kambi alipoita watu wa kujitolea wakasafishe chemchemi ya mfereji huo msituni, Tomaso hakusita.

Lori liliishia kijijini mlimani. Mama mmoja mtu mzima, Hedwiga, akawaongoza kwa miguu. Msituni kulikuwa na baridi na kivuli kizito. Wakamkuta kinyonga mwenye pembe puani, anatembea polepole huku macho yakizunguka kila upande. Paskali, mkata mkonge mwenzake Tomaso, akasema huyo ni mnyapara wao, amewatangulia kazini. Wakacheka.

Chemchemi ilizungukwa na vichaka na majani makavu. Katibu akaamuru pafyekwe mpaka udongo uonekane. Kazi hiyo waliijua. Katika mkonge, mstari ukibaki na magugu mnyapara anakurudisha. Hedwiga alisema vichaka visiguswe. Katibu akamjibu kwamba hakupanda mlima kusikiliza habari za mizimu. Hedwiga hakuwa ametaja mizimu.

Tomaso akaangusha mti. Kitu cheupe kikaanguka nao. Kilikuwa kitoto cha mbega. Akakiokota ampelekee Lukia. Juu yake mbega mkubwa akanguruma, akitikisa matawi.

"Kiweke kwenye tawi, baba, kisha urudi nyuma," Hedwiga alisema. "Usikitazame."

"Si kitakufa?"

"Kwako ndiyo kitakufa. Mama yake yupo, anakusubiri wewe uondoke."

Akakiweka, akarudi nyuma. Punde mama akashuka, akakikumbatia, akatoweka. Tomaso akasimama na panga lake, asijue aangalie wapi. Wenzake wakaendelea kufyeka. Katibu alisifu kazi, wakarudi.

Mvua za vuli zikaja. Udongo mtupu ukaporomoka, ukafukia chemchemi. Kufikia Februari mfereji ulikuwa umekauka kabisa. Kambi nzima ikarudi dimbwini, na Lukia akaanza kuhara. Tomaso alimbeba mgongoni hadi zahanati, akawahi. Mganga alimwambia achemshe maji ya kunywa hadi yatokote. Kila siku, hata kuni zikiwa shida.

Lukia alipopona, Tomaso alipanda mlima peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja bila lori."

"Nimekuja kuuliza tulikosea nini."

Hedwiga akampeleka msituni. Akafukua majani makavu chini ya miti ambayo haikuguswa, akamwekea ya chini kiganjani. Yalikuwa yamelowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi.

"Haya ndiyo yanayokunywa mvua na kuitoa polepole," alisema. "Mizizi inashika udongo. Mbega anakula matunda, anaangusha mbegu. Ninyi mlifagia kama uwanja wa nyumba."

"Mbona hukutuambia hivi?"

"Nilianza. Ulikuwepo."

Tomaso akayarudisha majani chini ya mti.

Hedwiga akaomba wazee waitishe msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare. Pembe ikapulizwa, kila nyumba ikatoa mtu. Tomaso akaleta watu kumi na wawili kutoka kambini, na safari hii walisubiri kuambiwa. Waliondoa udongo kwa mikono. Wakapanda miche ya mikuyu. Majani makavu wakayaacha yalale. Wakakubaliana lisiingie panga wala mbuzi ndani ya hatua sitini kila upande wa chemchemi.

Baada ya masika mawili maji yalifika kambini, tena meupe. Tomaso hakuacha kuyachemsha. Lukia alikuwa ameanza shule, na mwaka mzima hakuugua tumbo.

Ukafanyika mkutano wa kushukuru. Katibu akahutubia kwa muda mrefu, akaisifu kamati yake kwa kuleta maji. Hedwiga alikuwa amekaa nyuma kabisa, chini.

Tomaso akasimama. Alisema hana elimu, ila ana swali moja. Watu wakageuka. Katibu akakunja karatasi zake, akatazama saa. Miaka imepita, na swali lenyewe bado lipo palepale.

"Ndugu Katibu, siku ile huyu mama alikukataza mbele yetu sote. Nani alikwambia kwamba mtu anayekaa na maji hajui maji?"