Mafiga ya Atyang

Umande ulikataa kutua kwenye tuta. Nyasi za boma zima zilikuwa zimelowa, lakini Aguti alipoweka mkono juu ya tuta jipya la sukuma wiki, udongo ulikuwa mkavu tena wa moto, kama mahali palipotoka kuipuliwa sufuria.

"Ni mbolea inaiva," akasema Emong, mumewe, akiwahi kazi ya kupakua malori boda, pale mpakani. "Wacha uoga, mama Amoit."

Mbolea! Mwanamume akishajenga kitu kwa mikono yake, haambiliki. Mvua ya Malaba ilikuwa imesomba miche yao yote, ndiyo Emong akapigilia mbao, akainua tuta hadi magotini, akaenda Angurai kwenye boma walilohama zamani kuchota udongo mweusi wenye jivu. Akabeba na mawe matatu yaliyojaa masizi, ya kushikilia mbao. Mama yake, Apeduno, alimkataza. Hapo palikuwa jikoni kwa Atyang, mke mdogo wa babu, aliyekufa bila kubahatika hata mtoto mmoja wa kumpikia. Mafiga ya marehemu hayahamishwi. Emong akacheka. Asiyesikia la mkuu, jamani, mnajua wenyewe.

Sukuma ikaota upesi ajabu. Majani ya kwanza yalikuwa machache, Aguti akampikia binti yake Amoit peke yake, na mtoto akalamba sahani. Tangu siku hiyo akasusa chakula. Uji, akatema. Yai, akageuza uso. Mbavu zikaanza kuonekana, na Aguti akawa hana usingizi.

"Nimekula kwa nyanya," mtoto akasema.

"Nyanya gani, mama?" Aguti akamuuliza.

Amoit akaonyesha tuta.

Jioni moja Aguti akiosha vyombo, alisikia mwiko ukikwangua chungu, krr, krr, akanusa ugali wa wimbi ukiungua, na ingawa miguu ilitaka kukimbia akazunguka nyumba akishika ukuta, akamwona Amoit amechuchumaa kando ya tuta, amefungua mdomo kama kinda, akitafuna, akimeza, akifungua tena, na mbele yake hakuna mtu wala sahani, ila mvuke tu ukipanda kutoka udongoni.

Wee! Nduru aliyopiga ilileta majirani wote.

Kesho yake Apeduno alifika, akamwamuru mwanawe abomoe tuta na kurudisha kila kitu Angurai kwa mikono yake mwenyewe. Huko wakapanga mafiga palepale, wakamwomba Atyang msamaha. Emong hakucheka.

Waliporudi, boma lilinuka matope tu. Aguti akakaribia kulia kwa furaha.

"Ameenda, mama?" akanong'ona.

"Mawe yamerudi. Udongo umerudi." Apeduno akamgeukia mjukuu wake. "Na ile sukuma, nani alikula?"

Aguti akamsogezea mtoto kikombe cha uji.

"Nimeshiba," Amoit akasema. Akacheua, na nyumba nzima ikanuka wimbi lililoungua.