Mtihani wa Jumamosi

Mokeira alichuma chai huku simu ikimsomea. Aliifunga ndani ya kilemba, karibu na sikio. Mwalimu wa kozi ya mtandaoni alieleza jinsi mafuta yanavyochimbwa na kusafishwa, na jinsi gesi ya kupikia inavyotiwa kwenye mitungi.

"Mwanangu, hapa Nyamache tuna chai na ndizi," mama mkwe wake, Bitutu, alimtania. "Hayo mafuta utayachimba chini ya migomba?"

Majirani walicheka. Mokeira naye alicheka, lakini hakuacha kusoma. Mwanamke huyo ana moyo, jamani!

Bohari moja ya gesi mjini Kisii ilikuwa imemwahidi kazi. Sharti lilikuwa moja tu: apate cheti cha usalama wa gesi, ambacho kozi hiyo ilikitoa. Kwa miaka mingi alikuwa amechuma chai ya watu huku mvua ikimnyeshea. Kazi hii aliitaka sana.

Kisha ujumbe ukaingia. Mtihani wa mwisho ungefanywa Jumamosi asubuhi. Mokeira akausoma tena. Familia yao ni Wasabato, na Jumamosi ni siku ya ibada. Hata chakula chao hupikwa Ijumaa, kesho yake kikapashwa moto tu.

Shemeji yake, Obadiah, ambaye kanisani huonekana siku za harusi, hakuona shida yoyote.

"Nipe nenosiri lako, shemeji. Mimi Jumamosi niko tu. Nitakufanyia. Nani atajua?"

Mokeira alikaribia kumpa. Lakini kwanza alikwenda kwa jirani yao Akong'o, fundi wa gesi. Watu humwita Baba Pam.

"Baba Pam, nifanyeje? Niache mtihani, ama Obadiah anifanyie?"

"Usifanye hata moja kati ya hayo," Baba Pam alisema. "Ukifanyiwa mtihani, utaenda kazini na cheti bila ujuzi. Gesi ikivuja, haiulizi cheti. Inataka mtu anayejua."

"Sasa?"

"Hizo kozi zina walimu, ni watu kama sisi. Mwandikie mwalimu wako mapema. Mweleze kwa heshima kwamba Jumamosi unasali, umwombe siku nyingine. Usipomwambia, atajuaje?"

Mokeira aliandika siku hiyo hiyo, akangoja roho mkononi. Ijumaa, kabla jua halijatua, jibu likaja. Angefanya mtihani Jumapili. Alipiga vigelegele hadi kuku wakatimka.

Jumamosi, baada ya ibada, Bitutu alitangulia jikoni kupasha chakula. Mokeira alipofika mlangoni, alisikia harufu ya gesi. Bitutu alikuwa ameshika kiberiti.

"Mama, usiwashe!"

Akamtoa nje. Akafunga mtungi, akaacha mlango na dirisha wazi. Obadiah alikuja mbio, mkono ukielekea kwenye swichi ya taa.

"Usiguse!" Mokeira alimkemea. "Cheche moja tu inatosha kutuchoma sote. Toka nje, na simu yako."

"Lakini sasa sisikii harufu," Obadiah alisema baada ya muda.

"Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Hulala chini sakafuni. Tungoje itoke yote."

Jioni Baba Pam alikuja, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi. Mapovu yakafura mahali palipopasuka. Akawaonya wasitafute uvujaji kwa moto kamwe, akafunga mpira mpya.

Mchana wa siku hiyo walikuwa wamekula matoke baridi, ndizi zilizopikwa Ijumaa, na hakuna aliyelalamika. Obadiah aliinamisha kichwa.

"Na mimi ndiye nilitaka kukufanyia mtihani!" alisema. "Ningekosa swali hili, shemeji."

Jumapili Mokeira alikaa chumbani na simu yake. Bitutu alilinda mlango, akifukuza kuku na wageni. Swali moja liliuliza: ukisikia harufu ya gesi jikoni, utafanya nini? Mokeira alitabasamu, akajibu.

Alipita. Leo anafanya kazi kwenye bohari ile, na Jumamosi hupumzika, kwa sababu aliomba mapema.

Ukipita Nyamache, ukaona mama mzee anachuma chai na kilemba chake kinaongea, usishangae. Ni Bitutu. Amefika somo la mitungi, na hataki kusumbuliwa.