Memori Iliyokataa Kukaa

Kila alipotoka shule, Papara alivua viatu mlangoni, akashika ufagio na kukusanya nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Jina la Papara alibandikwa akiwa na miaka minne, siku alipoigugumia chai kabla haijapoa. Sasa alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa bado linamfaa.

Alhamisi hiyo alifagia kwa pupa kuliko siku zote. Macho yake yalikuwa kwenye meza ya dada yake, penye laptopu na bahasha ndogo. Ndani ya bahasha mlikuwa na memori mpya ya kuiongezea laptopu kasi: kibamba cha kijani chenye urefu wa kidole, na meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Laptopu ilikuwa imechoka. Ukiiambia ifungue picha, ungeweza kufua shati, ukalianika, ukarudi ukaikuta bado inafikiri.

"Jumamosi tutaiweka pamoja, mimi na wewe," dada alikuwa amesema. "Kabla ya hapo, mikono mbali!"

Lakini Jumamosi ilikuwa mbali. "Nikiiweka leo, dada atarudi aikute inakimbia," Papara alijisemea. "Atanishukuru mwenyewe."

Mama akiwa ameinamia mshono, akaipeleka laptopu chumbani. Alishika nondo ya dirisha kwanza ili kutoa umeme wa mwilini, kama dada alivyosoma kwenye maelekezo. Akafungua skrubu kwa bisibisi ndogo ya cherehani, akatoa betri, akatanua vibanio viwili, memori ya zamani ikainuka. Akaichomeka mpya. Iligoma kidogo. "Nikiisukuma zaidi itavunjika," aliwaza, akarudisha betri, akafunika.

Akawasha. Taa ndogo iliwaka, lakini kioo kilibaki cheusi tii.

Papara aliirudisha laptopu mezani taratibu, akashika tena ufagio, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Saa tisa dada aliingia akihema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mbio?"

"Mwalimu amebadili siku! Ripoti ya mwisho inatakiwa leo, saa kumi na moja jioni. Nisipoituma, narudia mwaka mzima. Na yote imo humu humu." Akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akabadilisha waya, akabadilisha soketi. "Mama, imekufa! Papara, umeigusa?"

"Sijaigusa."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Kilichomuuma zaidi ni kwamba dada alimwamini palepale. Aliipakata laptopu, akaanza kuvaa viatu huku machozi yakimlenga. "Naipeleka kwa fundi mjini."

"Kwenda tu ni saa nzima," mama alisema.

"Sasa nifanyeje, mama?"

Papara aliuangusha ufagio. "Dada, vua viatu. Ni mimi. Nimeweka ile memori."

"Nilikwambia mikono mbali!"

Mama alisimamisha cherehani. "Ugomvi utasubiri. Papara, tueleze ulivyofanya, usiruke hata skrubu moja."

Papara alieleza yote. "Nilipoichomeka ikawa ngumu, nikaogopa kuivunja."

"Ikalia?"

"Ilie nini, mama?"

Mama alichomoa kikopo cha bobini, kile kinachobeba uzi wa chini ya cherehani, akakirudisha. *Tak!* "Umesikia? Isipolia hivyo, haijakaa, na utakanyaga pedali mpaka kesho bila kupata mshono. Laptopu mimi siijui kichwa wala miguu, lakini kitu kikikaa mahali pake husema."

Wakafungua laptopu, wakatoa betri. Memori ilikuwa imeinuka upande mmoja, kama mtu aliyekalia ncha ya kiti.

"Uliyeanza, malizia," dada alisema. "Polepole."

Papara aliichomoa, akailaza mshazari, akaisukuma mpaka meno ya dhahabu yakazama, kisha akaibonyeza chini. *Tak!* Vibanio viwili viliishika kwa pamoja.

Wakarudisha betri, wakafunika, dada akawasha. Kioo kikawaka. Ripoti ilifunguka kabla dada hajavuta kiti. Saa kumi na nusu ilikuwa imekwisha kutumwa.

"Kumbe ina mbio kukushinda wewe," dada alimtania. Papara alitaka kucheka, akashindwa.

"Nisamehe, dada. Nilikudanganya."

Mama alimvuta karibu. "Mwanangu, kukosea si ajabu. Hata mimi nimewahi kukata vibaya vitambaa vya watu, lakini huwaambia siku ileile. Kosa lako ulipolisema, tulilitengeneza mara moja. Ulipolificha, lilitaka kumtembeza dada yako mji mzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo. Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua," Papara alimalizia kwa sauti ndogo.

"Basi. Na ukiambiwa Jumamosi, ni Jumamosi."

Papara aliuokota ufagio. Nyuzi mpya zilikuwa zimeanguka chini ya cherehani, naye akazifagia taratibu, mpaka kwenye pembe.