Mkanda Uliookotwa Chumvini

Mwili wa Nadine Orcutt ulikuwa umelala chali juu ya chumvi, umefunikwa turubai la buluu, hatua thelathini kupita kibao cha maili ya nne. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Agosti 1989, na uwanda wa chumvi wa Bonneville ulikuwa tayari unachoma macho kwa weupe.

Inspekta LaVar Stokely wa ofisi ya sherifu aliinua turubai, akatazama, akalirudisha taratibu. Kisha akageuka huku na huku.

"Pikipiki iko wapi?"

Wendell Pratt, msimamizi wa mashindano ya mbio za kasi, alikohoa. "Tumeiondoa, Inspekta. Imepelekwa kwenye hema la fundi wake."

"Mmeacha maiti juani, mkabeba pikipiki?"

"Tulitaka kufungua njia. Kuna watu mia mbili wanasubiri zamu. Saa sita tunaendelea."

"Nani kasema mnaendelea?"

"Hili si jambo la polisi, Inspekta. Ni kosa la mwendeshaji, nimeshaandika ripoti. Fundi kanieleza. Alishtuka, akafunga mafuta ghafla, injini ikapasuka. Mama wa miaka hamsini na saba juu ya pikipiki ya supachaja, wewe ulitegemea nini?"

LaVar alimkazia macho mpaka yule bwana akatazama chini.

"Hiyo ripoti uliyoiandika kabla sijafika, nipe. Na hakuna gurudumu litakalogusa chumvi hii mpaka niruhusu mimi."

Nadine alikuwa dereva wa basi la shule kule Pocatello. Majira kumi na moja ya joto alikuwa amekuja Bonneville na pikipiki ileile kubwa ya silinda nne. Mwaka huu fundi wake, Royce Hamblin, aliifungia supachaja: kompresa inayozungushwa na mkanda wa meno, ikiishindilia injini hewa ili ichome mafuta mengi zaidi. Jana yake Nadine alikuwa amekimbia maili mia mbili thelathini na nane kwa saa. Rekodi ilikuwa mia mbili thelathini na sita. Kwa kanuni alitakiwa arudie asubuhi hii, na wastani wa mbio mbili ndio uandikwe. Alichohitaji ni kufanya tena alichokwisha kufanya.

"Afande, njoo uone," aliita Konstebo Arlene Begay, aliyekuwa ameinama mbali kidogo.

Doa jeusi la oili lilitapakaa juu ya chumvi. Kuanzia hapo, alama ya tairi ilinyooka kuelekea kwenye maiti kama iliyopigwa kwa rula.

"Injini ilipasukia hapa," Begay alisema. "Mimi nimehesabu. Hatua mia nne na kumi, pikipiki bado imesimama wima. Tairi la nyuma limelowa oili. Ndipo ikalala."

"Aliyeshtuka huenda hivi?"

"Aliyeshtuka huanguka palepale, afande."

LaVar aliikunja ripoti ya Wendell na kuitia mfukoni kwa nguvu, karatasi ikachanika pembeni.

Hema la Royce Hamblin lilikuwa na kivuli na harufu ya petroli. Royce mwenyewe, mzee wa miaka sitini, alikuwa ameegemea treila, chupa ya soda mkononi. Corinne, binti wa Nadine, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koti la mama yake mapajani.

"Pole kwa usumbufu, Inspekta," Royce alianza. "Maskini Nadine. Nilimwambia mara mia, mafuta hayafungwi kwa pupa."

"Ulikwenda alipoangukia?"

"Nilikwenda."

"Ukakaa naye?"

"Alikuwa ameshakufa. Ningekaa nifanye nini? Nilikuja na pikipiki."

Corinne aliinua uso. "Nilikuita, Royce. Nimepiga magoti pale, nilikuita kwa jina mara tatu. Wewe ulikuwa unafunga kamba za treila."

"Sikusikia, mwanangu."

"Mimi si mwanao!"

Begay alikuwa amechuchumaa kando ya injini. Konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikuwa imetoboa ubavu wa injini, na kupitia tundu hilo pistoni ilionekana imeyeyuka katikati. Kila boliti ilikuwa na ganda la chumvi. Boliti nne tu ziling'aa: zile zilizoshika puli, gurudumu dogo la meno linalovalishwa mkanda na kuizungusha kompresa.

"Umegusa kitu hapa, Bwana Hamblin?"

"Sijagusa hata waya."

"Mkanda uko wapi?"

"Umekatika, umeruka huko. Mikanda hukatika, dada."

"Konstebo," Begay alisahihisha.

"Haya, Konstebo. Hesabu meno ya puli ukitaka. Ni arobaini, ileile ya jana."

Begay alihesabu. Yalikuwa arobaini.

Corinne aliwafuata nje, akaangalia nyuma kwanza.

"Jana jioni waligombana," alisema. "Royce alitaka kufunga puli ndogo, ya meno thelathini na mbili. Ikiwa ndogo, kompresa inazunguka haraka zaidi, presha inapanda. Mama alikataa katakata. Akamwambia, 'Royce, paundi saba za presha zimenitosha, sitaki hata ya nane. Kesho nikimaliza nauza pikipiki, nakaa na wajukuu.'"

"Akajibu nini?"

"Alicheka. Akasema, 'Sawa bibie, wewe ndiye unayekaa juu.'"

LaVar alirudi kwa Wendell kwa hatua ndefu.

"Hao watu mia mbili wanaosubiri zamu, wapange mstari mmoja. Watembee kuanzia maili ya tatu. Natafuta mkanda."

"Inspekta, hawa ni washindani, siyo—"

"Waulize, basi!"

Wendell aliwauliza. Hakuna aliyebaki hemani. Walitoka na ovaroli zao za ngozi, wengine wamevua kofia, wakatandaza mstari kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine, wakaanza kutembea vichwa chini. Jua liliwapiga kutoka juu na chumvi ikawapiga kutoka chini. Hakuna aliyelalamika. Baada ya dakika arobaini na tano, mtu mmoja wa Nebraska alinyoosha mkono, akasimama bila kugusa kitu.

Mkanda ulikuwa umekatika mahali pamoja tu. Begay aliunyoosha juu ya boneti ya gari na kuuhesabu jino kwa jino kwa chaki, kisha akarudia.

"Tisini na mawili."

Uso wa Wendell ulibadilika rangi. Kabla ya kuwa msimamizi alikuwa fundi kwa miaka ishirini.

"Hesabu tena," alisema.

"Nimehesabu mara mbili, bwana."

"Puli ya arobaini haivai mkanda huu. Inataka wa meno tisini na sita. Na Royce hafungi kikaza mkanda cha kusawazisha urefu, hapendi uzito." Aliuinua mkanda. "Wa tisini na mbili ni wa puli ya thelathini na mbili. Mama yule alikimbia na puli nyingine."

"Ambayo sasa haipo kwenye pikipiki," LaVar alisema.

"Kwa sababu nilimwachia Royce aichukue pikipiki." Wendell alivua kofia. "Nilimpa mwenyewe, kwa mikono yangu."

LaVar hakumfariji.

Puli ya thelathini na mbili waliipata ndani ya sanduku la barafu la Royce, chini ya chupa za soda, imefungwa kwa kitambaa. Katikati ya meno yake chumvi ilikuwa bado imeganda. Royce alipoiona mkononi mwa Begay, aliweka soda chini kwa uangalifu mkubwa, kama chupa ndiyo iliyokuwa na hatari ya kuvunjika.

Alasiri, katika chumba cha polisi mjini Wendover, LaVar alimsomea haki zake: kukaa kimya, kupata wakili. Royce alitikisa kichwa kwamba hazitaki zote mbili. Begay alikaa kando na kalamu. Simu ya daktari aliyechunguza maiti ilikuwa imekwishaingia.

"Puli uliibadilisha lini?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa amekwenda kunywa kahawa."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ningemwambia angekataa."

"Ndiyo maana mtu huulizwa, Hamblin! Ili aweze kukataa!"

Royce aligeuzia uso ukutani.

"Rekodi ilikuwa mkononi mwake," LaVar aliendelea. "Paundi saba zingemfikisha. Ulitaka nini zaidi?"

"Rekodi yake!" Royce alipiga meza. "Maili mbili! Kompresa ile nimeichonga mwenyewe, miaka sita, kila Jumapili. Wanapita hemani kwangu wananikebehi. 'Royce, hicho kibati chako kinapuliza kweli, au ni feni ya jikoni?' Halafu anakuja Nadine, anaogopa presha, anapata maili mbili, anataka kuiuza akalee wajukuu! Ile mashine ni ya mia mbili hamsini. Leo ilikuwa siku ya mwisho kwangu. Nani mwingine angenipandia?"

"Kwa hiyo ukampandisha yeye juu ya kitu alichokikataa."

"Nilijua injini itahimili. Maili moja tu. Nilihesabu."

"Ulihesabu vibaya. Halafu?"

"Nikaogopa."

"Mwoga hukimbia. Wewe ulishika spana. Ulifunga kamba za treila binti yake akiwa anakuita kutoka kwenye maiti ya mama yake, ukaja hemani ukafungua boliti nne, ukafunga boliti nne. Kisha ukatoka hemani ukawaambia watu mama yule kashtuka."

"Alikuwa ameshakufa," Royce alisema kwa sauti ndogo. "Maneno yasingemdhuru tena."

Kalamu ya Begay ilisimama.

LaVar aliinuka. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, akakishika kwa mikono miwili.

"Daktari anasema vidole vinne vya mkono wa kushoto vimevunjika vikiwa vimeikumbatia klachi," alisema. "Unajua maana yake. Injini iliposhikana, alivuta klachi mara moja ili tairi lisikwame, kama inavyotakiwa. Akaishika hatua mia nne na kumi. Hakuna hata mmoja katika wale mia mbili anayenihakikishia kwamba angeweza. Wewe umemwua, kisha ukamwita mwoga."

Royce alifunika uso. Begay alimwandikia mashtaka: kuua bila kukusudia kwa uzembe uliokithiri, na kuharibu ushahidi. Royce alisaini bila kusoma. Ndipo akainua kichwa.

"Inspekta. Wapima muda... walipata namba yoyote kabla haijapasuka?"

Begay aliacha kukusanya makaratasi.

"Walipata," LaVar alisema.

"Ngapi?"

LaVar alifungua mlango, akatoka, akaubamiza nyuma yake.

Corinne alikuwa amesimama ukutani kwenye ujia, koti la mama yake amelivaa sasa, mikono ya koti imempita vidole. Alikuwa amesikia vya kutosha. LaVar alitoa nakala ya karatasi ya wapima muda na kumkabidhi. Ilionyesha kasi ya robo moja tu ya maili: mia mbili arobaini na saba.

Corinne aliisoma, akaisoma tena.

"Mama hakuitaka namba hii," alisema.

"Najua."

"Royce ameiona?"

"Hajaiona."

Corinne aliichana mara mbili, kisha mara mbili tena, akavitia vipande mfukoni mwa koti. Nyuma ya mlango Royce alikuwa bado anauliza.