Cherehani Iliyotokea Mlango wa Nyuma

Siku hiyo mtaa wa mafundi ulikuwa umefurika. Redio zilipigiana kelele duka kwa duka, wapita njia walisukumana bila kuombana radhi, na cherehani zilipangwa vibarazani zikimeta kwa mafuta. Katikati ya vurugu hiyo mwanamke mwenye gauni la zambarau lililopauka aliketi bila kukaribishwa mbele ya cherehani ya duka la mwisho, akatoa mkobani kipande cha chifoni, akakishona, akakiinua kwenye mwanga, akasonya.

"Dada, hiyo si ya kuchezea," sauti ilitoka chini ya meza.

"Sichezi. Mashine yako inakunja kitambaa kama uso wa mtu aliyelamba ndimu."

Fundi akajitokeza, bisibisi mdomoni, grisi hadi kwenye sikio. Alikuwa mrefu, shati limefungwa vifungo viwili tu, na alipomwona mteja mwenyewe akakumbuka kufunga cha tatu.

"Mguu wa mashine unabana mno," alisema, akaulegeza kwa skrubu ya juu. "Jaribu."

Akajaribu. Mshono ukalala sawasawa. Kisha akatoa kipande kingine: kitambaa juu, kitambaa chini, pamba katikati. Sindano ikaruka, uzi ukakatika.

"Umeona? Nataka inayoshona vyote. Magauni ya wateja mchana, blanketi la viraka nikipata nafasi. Na hapa kulia kwa sindano pawe papana, blanketi likikunjwa lipite. Halafu iwe ya polepole."

"Polepole? Wateja wote wanaomba ya mbio."

"Mimi mbio nimezimaliza kiwandani. Walikuwa wakiniita Kasi."

"Basi, Kasi, ya namna hiyo sina leo. Acha namba ya simu nikutafutie."

"Unatafuta cherehani au unatafuta namba?"

"Mimi ni fundi, nafanya kazi mbili kwa mkono mmoja."

Akacheka, na kicheko kilimshtua mwenyewe, kwa maana hakikuwa kimetoka tangu kiwanda kiungue.

Hilo hakumwambia. Alimwambia tu kwamba dada yake amefariki, na kwamba mama yao halali mpaka akumbatie gauni la marehemu. Blanketi lingeshonwa kwa magauni hayo, mama ajifunike yote kwa pamoja. Amefariki kwa nini, wapi, hakusema. Alikuwa amechoka kuona nyuso zikigeuka za msiba kila alipotaja kile kiwanda. Mjini viwanda vya nguo vilikuwa vingi, na Fundi hakudadisi.

Simu zikaanza.

"Umekula, malkia wa uzi?"

"Nimekula. Na wewe umeoga?"

"Nimeoga, lakini grisi imekataa kuhama."

"Basi usinishike gauni."

"Nishike nini sasa?"

"Shika simu, na uishike vizuri."

Shangazi yake, aliyekaa nao tangu msiba, alizoea kupita mlangoni akikohoa. "Huyo fundi anatengeneza cherehani gani isiyoisha? Au inatengenezwa kwa maneno?" Lakini Fundi alipokuja kusalimia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, Shangazi ndiye aliyemvutia kiti. "Keti, baba. Huyu mtoto alikuwa amesahau kucheka. Usije ukamkumbusha kusahau tena." Mama naye akatoka chumbani, akampa mkono, akarudi kwenye gauni la marehemu.

Fundi akatoka pale na wazo moja kichwani. Mwanamke huyu alistahili cherehani ya maana. Zile za nyumbani alizokuwa akimwonyesha zilikuwa na nafasi finyu, au meno yake ya kusukuma kitambaa hayawezi tabaka tatu. Lakini stoo alikuwa nayo moja ya kiwandani, yenye meza na mota, nafasi pana kulia kwa sindano, nguvu za kushona turubai. Aliifungua yote. Akabadilisha mota, akaisugua masizi, akaipaka rangi ya kijani kibichi. Bamba la sindano lilikuwa zima, akaling'arisha tu. Neno "polepole" alilisikia siku ile, lakini alilichukulia kama mzaha wa mtu asiyejua atakachopewa. Ndivyo wengi tunavyopenda, tunampa mtu kile tunachojivunia sisi.

Akampigia. "Laazizi, njoo dukani. Usiulize."

Alikuja amevaa gauni jipya la bluu alilojishonea kwa mkono, nywele zimefungwa kitambaa. Fundi akafunua shuka lililofunika meza. "Yako."

Kasi akatabasamu, kwa upole wa mtu anayetaka kuficha kwamba moyo umeshuka. Akakaa. Akakanyaga. Mota ikanguruma ule mngurumo aliousikia miaka yote ya ujana wake, na mabega yake yakapanda yenyewe kama msimamizi amesimama nyuma. Akaondoa mguu. Kidole chake kikapapasa bamba la sindano, kama mshonaji yeyote anavyopapasa, kutafuta pa kuegemeza pindo.

Kiwandani hawakupewa vipimo. Kila mwanamke alijikwaruzia mstari wake kwenye bamba kwa ncha ya mkasi, ili pindo lote litoke upana mmoja, na wote walikwaruza kulia kwa sindano. Mmoja tu ndiye aliyekwaruza kushoto, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto, na wenzake walimtania kwa hilo mpaka siku aliyokufa.

Mstari huu ulikuwa kushoto.

"Umeitoa wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa dalali mmoja. Kwani haikupendezi?"

"Dalali ameitoa wapi?"

Fundi akajikuna shingo. "Ni ya kile kiwanda kilichoungua. Sikukwambia kwa sababu wateja wanaogopa vitu vya..." Akanyamaza, kwa kuwa uso ulio mbele yake ulikuwa umekufa.

"Hii ni ya Dada," alisema Kasi. "Alikuwa anakaa hapa. Mimi nilikuwa mbele yake, karibu na lango kubwa. Mimi nilitoka."

Moto ulianzia stoo ya vitambaa. Waliokaa nyuma walikimbilia mlango wa nyuma, na hapo ndipo walipokutwa, wamelaliana. Mwenye kiwanda alisema mlango ulikuwa wazi, wanawake walipaniki. Alilisema redioni, akalirudia msibani akiwa amevaa suti nyeusi, na waliokula mkononi mwake wakaitikia kwa vichwa. Kabla wachunguzi hawajafika, ukumbi ukawa umefagiliwa na mashine zimeuzwa.

"Mlizitoaje?" aliuliza Kasi. "Lango kubwa lilikuwa limeanguka."

Fundi akachukua kitambaa, akaifuta meza iliyokuwa safi.

"Nakuuliza, mlizitoaje?"

"Mlango wa nyuma."

"Ulikuwa wazi?"

Nje mtu alikuwa akibishania bei ya uzi.

"Ulikuwa na mnyororo," alisema Fundi. "Na kufuli. Dalali hakuwa na vifaa. Nilikata mimi."

"Kwa ajili ya mashine."

"Kasi, mimi sikujua..."

"Kwa ajili ya mashine ulikata! Ulisimama hapo, ukauona mnyororo kwa macho yako, ukajua wote wamedanganywa, halafu ukarudi dukani ukapaka rangi?"

"Nilisema si kazi yangu. Nilisema wapo wakubwa wataona."

"Wataona nini, na wewe umewafagilia?"

Alisimama. Machozi hayakutoka, na hilo lilimtisha Fundi kuliko machozi. "Wachunguzi wanakuja. Kaseme."

"Duka hili ni la shemeji wa mwenye kiwanda. Watanitoa siku hiyo hiyo. Zana zangu, wateja wangu, vyote viko hapa. Mpenzi, niombe kingine."

"Sina kingine." Akatoka, na mtaa ukammeza.

Fundi alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akapokea Shangazi. "Baba, huyu hataki maneno. Mimi pia sitaki. Ulikaa kwenye kiti changu." Ikakatwa.

Kasi alizunguka mtaa mwingine wa maduka na mkoba wake wa vipande, duka kwa duka, chifoni kwanza, kisha tabaka tatu. Wauzaji walimsifia taa za mashine, walimsifia mishono ya maua, yeye akatazama upana wa kulia, akageuza gurudumu kwa mkono kusikia kama linakwaruza, akalegeza mguu, akakaza. Alichagua ya nyumbani, iliyotumika, nzito, mwili wa chuma, inayokwenda taratibu kama mtu mwenye fikra. Hakuna aliyemchagulia. Jioni hiyo alikata gauni la kwanza la Dada, na Mama akamshikia kitambaa kisiteleze, bila neno.

Wachunguzi walikaa katika ukumbi wa shule. Mwenye kiwanda alikaa mbele, na mawakili wake wakisambaza chupa za maji. Wanawake waliotoka hai walisema mlango ulifungwa. Wakaulizwa, mliona kwa macho? Moshi ulikuwa mwingi, mnawezaje kuona? Yaani waliambiwa wangepaswa kufa karibu zaidi ili waaminike.

Ndipo Fundi akaingia, shati jeupe limelowa jasho, amebeba kichwa cha cherehani ya kijani begani. Akakiweka juu ya meza ya wakubwa, kishindo kikamwaga maji yao.

"Hii nimeitoa kule," alisema. "Mlango wa nyuma ulikuwa na mnyororo kwa nje. Mnyororo nilioukata ninao. Nilinyamaza. Sasa sinyamazi."

Akautoa mfukoni, na kufuli likiwa bado limefungwa. Wakili alisimama akafoka, akakatazwa, akakaa. Kasi alikuwa safu ya tatu. Aliangalia mikono ya yule mwanamume ikiulaza mnyororo mezani, akampenda kuliko siku zote, na maumivu yakawa palepale.

Basi ripotini imeandikwa: mlango ulifungwa. Hakuna atakayesema tena kwamba wanawake walipaniki. Kufungwa, mwenye kiwanda hakufungwa, na upande mwingine wa mji kimefunguliwa kiwanda kipya kwa jina la mkewe, mshono uleule, pindo lilelile. Aliyetolewa ni Fundi. Vitu vyake vilikutwa kibarazani asubuhi, na hakuna mwenye duka mtaani aliyekuwa na nafasi ya kumpangisha.

Alipata kazi mji wa mbali. Siku ya kuondoka, Kasi alikuja kumsaidia kupakia. Walibeba meza pamoja, yeye mbele, Fundi nyuma, wakielekezana: inua, shusha, kushoto kidogo. Mtu asiyewajua angedhani ni mke na mume wanahama.

"Twende wote," alisema Fundi, lori likiwa limejaa. "Nikuoe. Mama na Shangazi waje. Nilisema ulichotaka niseme."

"Ulisema. Nitakushukuru mpaka nizeeke."

"Lakini?"

"Lakini ukinishika mkono, naona mkono uliokata ule mnyororo. Najua si wewe uliyeufunga. Kichwa kinajua. Usiku mwili unakataa." Alimfunga kifungo cha tatu cha shati, taratibu. "Tukioana nitakuchukia kidogo kidogo, mezani, kitandani, na wewe utakuwa unaomba msamaha maisha yako yote. Sitaki kukufanyia hivyo. Nakupenda."

"Nitapiga simu."

"Piga. Nitapokea. Ukipata mtu, usipige."

Dereva akapiga honi. Fundi akapanda, akatoa uso dirishani. Lori likasogea. Kasi akainua mkono, akampungia dereva, mtu asiyemjua hata kidogo, kwa sababu kumpungia yule mwingine kulikuwa kumemshinda.