Kila Mutu na Haragi Yake

Wakati wa mwezi mukubwa, nyumba za wavuvi wa Kalemie zinajaa. Mwezi ukiwaka, ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, hazifuati tena mwangaza wa taa za wavuvi, na wanaume wanarudi nyumbani. Wanashona nyavu, wanacheza masolo, ule muchezo wa bao, wanakula sana. Watoto wanafurahi. Wanawake wanafurahi pia, lakini wanalalamika kidogo, kwani sufuria ya bukari, ule ugali wa kila siku, inakuwa ndogo.

Mwaka ule wa 1992, ilikuwa vile kwa Mama Séraphine. Bwana yake, Papa Casimir, alikuwa muvuvi katika ekipe, kundi la mutumbwi, ya Papa Salomon. Casimir na Séraphine walitoka kaskazini ya ziwa, na walifika Kalemie mutoto wao wa kwanza akiwa bado mugongoni. Casimir alivua. Séraphine alianika ndagala kwenye muchanga wa pwani, akaziuza sokoni. Muchanga ule ulikuwa mupana na safi, na jua lilikaa pale tangu asubuhi hadi jioni. Minerval ya watoto wake, pesa ya masomo, ilitoka pale. Chumvi na sabuni vilitoka pale pia.

Asubuhi moja Félicien alipita katika kartie, mutaa wao. Yeye alikuwa mutu wa shefu wa kartie, kazi yake ni kutangaza habari. Alipiga filimbi.

"Prrr! Sikieni! Tutachagua mukubwa wa komite ya pwani! Jumamosi, juma mbili zikipita, mbele ya biro, ofisi ya shefu! Wanaosimama ni wawili: Papa Apollinaire na Papa Urbain!"

"Félicien, bia itakuwa?" muvuvi mumoja akauliza.

"Uliza bibi yako, yeye njo anajua deni lako la bia!"

Watu wakacheka. Filimbi ikaenda mbali. Hakuna aliyefikiri sana juu ya ile habari.

Lakini kwenye robine, bomba la maji la kartie, habari hailali. Mama Dorothée, muuzaji wa mikate ya mafuta, anaona kila kitu na hawezi kukaa nacho.

"Séraphine, ndugu yangu, weka ndoo chini kwanza. Jana nimemuona Papa Apollinaire kwenye muchanga wetu. Alikuwa pamoja na ule muchuuzi wa simenti. Wanavuta kamba. Wanapima!"

"Wanapima nini?"

"Wanapima mahali pa depo, gala ya simenti! Apollinaire akikuwa mukubwa wa komite, atamupa ule mutu muchanga wote. Amemuahidi. Bibi ya muchuuzi njo ameniambia, na mudomo wake unasema kweli ukipewa mukate."

Séraphine alisahau ndoo. "Na Papa Urbain?"

"Urbain anasema muchanga ubaki wa wanaoanika. Lakini nani atamuchagua? Mapatro wote, wenye mitumbwi, ni rafiki za Apollinaire."

Saa ya chakula, Séraphine aliweka bukari mbele ya bwana yake, akamuelezea yote.

"Casimir, Jumamosi ile uende kumuchagua Urbain."

Casimir alinawa mikono polepole. "Jumamosi ile itakuwa giza, mwezi hautaonekana. Tutakuwa kwenye kambi ya kuvua, upande wa Mpala. Unajua. Giza likiingia, ekipe zote zinaenda kule, zinarudi mwezi ukiwa mukubwa."

"Basi nani atachagua?"

"Papa Salomon. Yeye njo patro wetu, atachagua kwa jina la ekipe. Mara iliyopita pia tulikuwa kambini, ilikuwa vile."

"Na mimi?"

"Wewe uko ndani yangu."

"Niko ndani yako? Basi leo kula peke yako, mimi nitashiba ndani yako!" Séraphine akavuta sahani ya samaki upande wake.

Mutu akacheka mulangoni. Alikuwa jirani yao, Mama Emilie, aliyekuja kuomba chumvi. Mama Emilie alifundisha wanawake kushona na kusoma katika foyer ya paroasi, kituo cha wanawake cha kanisa. Aliingia, akaketi, na chumvi ikasahauliwa.

"Papa Casimir, samahani, nimesikia. Nyumba zetu ziko karibu sana. Niulize kitu?"

"Uliza, Mama Emilie."

"Ekipe yenu iko na watu wangapi?"

"Tuko wengi. Mutumbwi wetu ni mukubwa."

"Na Jumamosi ekipe yenu itakuwa na sauti ngapi?"

Casimir akafikiri. "Moja. Ya Papa Salomon."

"Unaona? Patro anasema kwa jina la ekipe wakati wa kugawanya samaki. Ile ni desturi ya kazi, sikatai. Lakini uchaguzi si samaki. Papa Salomon akikula, wewe unashiba?"

"Apana."

"Basi akichagua, wewe hujachagua. Sauti ya mutu haikopeshwi kwa patro, haikopeshwi kwa bwana. Mama Séraphine anafanya kazi pale pwani kila siku. Yeye pia iko na sauti yake."

Casimir aliangalia chini. "Mama Emilie, watu wengine wanatuambia sisi ni wa kuja. Wanasema, mulikuja na mutumbwi, murudi na mutumbwi."

"Shefu alisema wazi: atachagua kila mutu muzima anayekaa katika kartie na anayefanya kazi pwani. Hakusema alizaliwa wapi. Munakaa hapa, munatumika hapa. Basi muna haki. Lakini haki yenu itakufa mukiwa Mpala. Jambo la kwanza ni tarehe. Tuende kwa shefu kabla giza halijaingia."

"Nani? Sisi watatu?"

"Tukiwa watatu, watatuambia, 'Mutarudi kesho.' Tuende wengi."

Siku ya Mungu, misa ikiisha, walienda. Mama Dorothée alikuwa amezunguka kartie yote, na safari hii mudomo wake ulifanya kazi ya maana. Wanawake walikuja na vigoda, na vitambaa vya kichwa vya misa, na watoto mugongoni. Wavuvi walisimama nyuma, kofia mukononi. Kiwanja cha Papa Floribert, shefu wa kartie, kilijaa mpaka kwenye choo.

Papa Floribert akatoka na kikombe cha chai. "Mama yangu! Kuna kilio kwangu? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Papa Shefu," Séraphine akasema. Aliweka kigoda chake chini, akabaki amesimama. "Tumekuja juu ya uchaguzi. Jumamosi ile ni giza. Wanaume wetu watakuwa Mpala. Nani atachagua? Mbuzi?"

Watu wakacheka. Shefu pia alicheka, chai ikamwagika.

"Mimi ni mutu wa reli," akasema. "Nilitumika kwenye treni mpaka pensheni. Mimi naangalia kalendari, siangalii mwezi. Kwa nini hamukuniambia?"

"Hakuna aliyetuuliza," Casimir akajibu kutoka nyuma.

"Kweli. Lakini mapatro waliniambia tarehe ni nzuri."

Papa Salomon alikuwa pale. Alikuwa muzee munene, mwenye kusema polepole. Hakukasirika, lakini aliumia moyoni. "Shefu, mimi nawasemea watu wangu siku zote. Mutoto akiugua, natoa dawa. Baba ya Casimir, mimi njo nilimuzika. Leo hawaniamini?"

Ilikuwa kweli, Papa Salomon alikuwa mutu mwema.

Mama Emilie akamujibu kwa heshima. "Papa Salomon, hakuna anayesahau. Watu wanakupenda sana, na kwa sababu wanakupenda, hawawezi kukukatalia mbele ya macho yako. Njo maana tunaomba jambo la pili. Zamani tulipanga mustari nyuma ya mutu tunayemuchagua, wakubwa wakituangalia. Nani angetoka kwenye mustari wa patro wake? Safari hii kila mutu achague kwa siri."

"Siri namna gani?" shefu akauliza. "Wengi hawajui kuandika."

"Haihitaji kuandika. Kila mutu atapata haragi moja, punje moja ya maharagwe. Tutatundika kitenge. Nyuma ya kitenge kutakuwa vyungu viwili. Juu ya kimoja tutaweka kofia ya Papa Apollinaire, juu ya kingine nkafi ya Papa Urbain, ile ya kuendeshea mutumbwi. Mutu anatia haragi katika chungu cha yule anayemutaka. Basi."

"Haragi ikilia ndani ya chungu?" Mama Dorothée akauliza. "Mimi masikio yangu ni mazuri, nitajua chungu gani."

"Kwa sababu yako, tutatia muchanga ndani!"

Shefu alikunywa chai iliyobaki. Akawaangalia watu waliojaza kiwanja chake. "Sawa. Uchaguzi utakuwa mwezi ukirudi. Félicien, piga filimbi."

Giza likaingia, ekipe zikaenda Mpala. Wanawake walibaki na kazi. Séraphine, ambaye zamani hakupenda kusema mbele ya watu, alipita nyumba kwa nyumba. Hakumwambia mutu amuchague nani. Aliwaambia siku, mahali na namna ya kutia haragi. Kwa mama muzee mumoja alikaa mpaka chai ikaisha, kwa sababu yule mama aliogopa ya kwamba haragi inaandika jina la mutu. "Haina macho, Mama," Séraphine akamwambia. "Ni haragi ile ile ya kupika."

Mwezi uliporudi, wanaume walirudi nao. Jumamosi ya uchaguzi, mbele ya biro ya shefu ilikuwa kama sikukuu. Mama Dorothée aliuza mikate yote kabla jua halijapanda.

Kwanza, shefu alipindua vyungu mbele ya watu wote. Muchanga tu ulitoka, akaurudisha. Kisha kila mutu alipewa haragi moja. Mutu akitoka nyuma ya kitenge, alitia kidole katika wino wa muhuri wa biro, ili asirudi mara ya pili. Félicien alisimama mbele ya kitenge kuzuia wajanja. Kijana mumoja alikuja na haragi nyingine mufukoni, kidole chake cheusi tayari.

"Wewe, toka! Rudisha haragi ya mama yako, atapika nini?"

Papa Salomon alisimama karibu na mustari. Casimir alipotoka nyuma ya kitenge, patro akamushika bega.

"Mwanangu Casimir, umemuchagua nani?"

Kazi ya Casimir ilikuwa mukononi mwa yule muzee.

"Papa Salomon, kambini ukiniambia tupa wavu, nitatupa. Lakini ile ya nyuma ya kitenge, imebaki nyuma ya kitenge. Unisamehe."

Salomon alimuangalia sana. Kisha Mama Emilie akamuletea haragi. "Na wewe Papa, hii ni yako. Hakuna atakayekuuliza. Hata Papa Apollinaire."

Kila mutu alijua: Apollinaire alikuwa rafiki yake wa tangu utoto, tena baba wa ubatizo wa mutoto wake. Salomon akachukua haragi, akaingia. Alikaa nyuma ya kitenge muda murefu. Félicien akakohoa. Mwishoni muzee akatoka, akatia kidole katika wino, akaenda kuketi peke yake. Alionekana kama mutu aliyetua mufuko wa simenti.

Walihesabu mbele ya watu wote, haragi moja moja, kwa sauti kubwa. Maharagi ya Papa Urbain yalikuwa mengi zaidi. Papa Apollinaire alichukua kofia yake. Alisema, "Nimeona kwa macho yangu maharagi yakihesabiwa. Siwezi kusema kitu," akamupa Urbain mukono.

Juma lililofuata, komite mupya ilisimika vijiti kuzunguka muchanga wa kuanika. Muchuuzi wa simenti alipata mahali pengine, nyuma ya soko, na depo yake iko pale. Papa Urbain naye aliambiwa: kila mwezi mukubwa, ekipe zikiwa nyumbani, atasimama mbele ya watu na kueleza kazi ya komite. Mara ya kwanza alichelewa. Wanawake walimupigia kelele mpaka akakimbia. Hajachelewa tena.

Na Papa Salomon je? Kartie yote ilitaka kujua alitia haragi yake wapi. Mama Dorothée alimupa hata mikate ya bure. Alikula mikate, hakusema kitu.

Jioni ya siku ya uchaguzi, Séraphine naye alijaribu. Alipika kuku kwa mafuta ya mawese, akamuwekea bwana yake kipande kizuri.

"Casimir, sasa tuko sisi wawili tu. Ulimuchagua nani?"

Casimir alitafuna polepole. "Papa Salomon nilimunyima. Nikuambie wewe?"

"Mimi ni bibi yako!"

"Ndiyo. Na wewe, ulimuchagua nani?"

Séraphine alifungua kinywa, akakifunga. Akaangalia kidole chake cheusi. Kisha akacheka mpaka watoto wakatoka kuangalia kuna nini, na akamuongezea bwana yake kipande cha kuku.